Kunguru wa Huruma

Tarehe tano imefika, na tano haingoji mtu.
Mwenye nyumba amemtuma kijana na kufuli,
kufuli jipya, bado lina bei yake ya dukani.
Ameliegemeza dirishani kwetu kama kadi ya salamu,
akaenda zake akipiga mluzi.

Ee Bwana, nakuambia mambo unayoyajua.
Kiwanda kimefunga lango tangu Machi.
Mikono hii iliyowachapia watu kalenda,
miezi kumi na miwili na picha ya maporomoko,
sasa haijui kesho ni siku gani.

Jumapili, mvua ikilia juu ya mabati,
kipaza sauti kikikoroma,
mhubiri alituambia habari za ndege wasiolima.
Nikasema amina.
Ilitoka mdomoni, ikaishia kwenye kola ya shati.

Usiku wasiwasi haubishi hodi.
Hukaa ukingoni mwa kitanda, tukahesabu pamoja:
karo ya Mkawasi,
deni la dukani kwa Njagi
(ukurasa wangu katika daftari lake ulijaa,
akabandika karatasi nyingine chini, kwa gundi),
stima nayo, mita ikipepesa taa nyekundu
kama jicho la mtu aliyekesha.
Mghoi husali kimyakimya akiosha vyombo.
Mimi husali kama mtu anayedai mshahara.

Nikamkumbuka Eliya kando ya kijito,
mkate asubuhi, nyama jioni, vyote kwa mdomo wa kunguru.
Nikapanda juu ya ghorofa, penye kamba za nguo,
niwatazame hawa wa Huruma:
mmoja na ganda la yai,
mwingine na pakiti ya maziwa, tupu,
wakigombana juu ya tangi la maji.
Nikacheka, Bwana. Nisamehe.
Nikasema, wale wako walikuwa na adabu;
hawa wetu, hata wenyewe hawajashiba.

Alhamisi, saa mbili usiku, hodi.
Moyo ukaruka: kufuli!
Kumbe ni Kwamboka wa mlango wa saba,
mtoto mgongoni, sufuria mkononi,
macho sakafuni.
"Nipunguzieni unga, hata wa uji tu.
Baba yao hajarudi."

Tulikuwa na paketi moja, nusu imekwisha.
Nikafungua kinywa niseme hatuna.
Mghoi alikwisha kuinama, anamimina,
anaigonga paketi mgongoni kwa kiganja
jinsi mtu anavyomcheulisha mtoto,
hadi sufuria ya jirani ikawa nzito kuliko akiba yetu.

Kwamboka akafuta uso kwa ncha ya leso.
"Nimemwomba Mungu tangu saa kumi," akasema,
"nikadhani leo hasikii."
Akaenda.

Nikabaki nimeshika mlango.
Kuchani mwangu kuna wino usiotoka,
weusi wa miaka kumi na minne ya mtambo.
Nikaitazama mikono yangu chini ya taa ya ujia
na nikaona manyoya.

Sitasema kulipokucha fedha zilidondoka.
Hazikudondoka. Kufuli lingali dirishani.
Ijumaa niliitwa kupakua mchanga Mlango Kubwa,
siku moja tu, shilingi mia sita na mgongo unaouma.
Nikanunua unga. Njagi nikampa mia,
akaiandika polepole, kwa kalamu nyekundu.

Lakini usiku ule wa Alhamisi
tulikula ugali uliotosha kiganja,
na Mkawasi akauliza mbona leo
Baba amefumba macho hadi mboga imepoa.

Sikuwa naomba, mwanangu.
Nilikuwa nimekosa la kudai.

Kesho nitakurudia, Bwana, na hesabu zangu zilezile,
karo, kodi, karatasi ya gundi.
Unanijua.
Ila ukinisikia nimenyamaza katikati,
ujue nasikiliza mlangoni
kama kuna mtu anabisha.