Fanta Upande wa Pili

Jumamosi saa nane nilivuka Bariere Ndogo,
jetoni mfukoni, viatu vya Kanyere miguuni,
mtalii kwa mara ya kwanza maishani,
mtalii wa kwenda na kurudi kabla mpaka haujafungwa.
Mbele yangu mama na beseni la nyanya,
nyuma yangu baiskeli ya kilema imesheheni unga.
Hakuna aliyeuliza nimezaliwa lini.

Ng'ambo, mchanga wa ziwa lilelile
umefagiliwa kama sebule ya mchungaji.
Nikaketi. Nikaagiza Primus
kwa sauti ya mtu mwenye mshahara.
Kijana wa trei, shati jeupe, adabu iliyopigwa pasi:
"Dada, kitambulisho. Sheria ni miaka kumi na nane."

Nilicheka. Kwetu Birere, nikiwa na miaka saba,
nilitumwa chupa ya baba nikarudisha na chenji,
na muuzaji aliuliza neno moja tu:
chupa tupu iko wapi?

Nikampa kadi ya kura.
Akaigeuza. Akaipeleka juani.
Jua, ambalo ndilo lililoila,
halikumsaidia.
Uso wangu umebaki kidevu na kivuli,
mwaka wangu umebaki mbili moja, pekee, kama jino la bibi.
"Nilichagua wakubwa kwa kadi hii," nikamwambia.
"Mimi siuzi wakubwa," akajibu, bila ubaya.

Ningemwambia nini?
Kwamba daftari la komini liliungua pamoja na komini?
Kwamba mama hahesabu kwa tarehe?
Yeye husema: moto ulishuka Alhamisi,
ukapita katikati ya mji kama mwenye mji,
na siku ile bariere iliinuliwa, ikaachwa juu,
watu wakavuka na magodoro, na mbuzi, na wafu wao,
hakuna aliyeulizwa jina.
Jumapili, nyuma ya ukuta wa hoteli fulani,
juu ya kitenge cha mwanamke tusiyemjua,
nikatoka.

Huku.
Labda chini ya mwavuli huu wenye tangazo la bia.

Sikusema. Foleni ya maneno ilikuwa ndefu
na yeye alikuwa na meza nyingine sita.
Nikanywa Fanta ya machungwa, ya moto kidogo,
bei ya Primus mbili za kwetu.
Mzungu wa jirani, ndevu hazijashika vizuri,
alitoa pasi yake, akaletewa glasi na karanga.

Kurudi, afisa alitazama kidevu changu kwenye kadi,
akatazama kidevu changu.
"Kahambu? Pita."

Mama alisema: shukuru, bado wanakuona mtoto.

Jioni nikanunua yangu kwa Mapendo, kwa deni.
Nikakaa uani juu ya lile jiwe jeusi
lililofika mjini siku tatu kabla yangu,
nalo halina kadi,
na chupa nikaifungulia kwenye ukingo wake.