Mraba wa Tisa

Nta ya kwanza niliinunua kwenye barabara ya Likasi,
kwa mama wa asali, bonge kubwa kama ngumi ya mtoto,
miguu ya nyuki ingali ndani, na kipande cha bawa.
Ya pili ilitoka kwenye mkebe wa Ulaya
alioniachia Yav alipohamia Kolwezi:
maandishi yamefutika, kifuniko kimepinda,
ukiufungua unanukia ndizi iliyoiva kupita kiasi.
Ya tatu ni mishumaa. Katuba haikosi mishumaa.

Babula nyuma ya nyumba. Makala machache.
Sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji,
maana nta ina hasira za mgeni wa heshima:
haipendi kukutana na moto ana kwa ana.
Ikilegea naiepua, naipeleka mbali, hadi ukutani,
ndipo natia tapentaini, nimebana pumzi.

Boneti ya Korola nimeigawa kwa utepe wa karatasi,
miraba kumi na miwili
ya buluu iliyochoka, iliyokaliwa na vumbi jekundu tangu Mei.
Naandika nyuma ya daftari la hesabu la Numbi:

Moja: nyuki tupu. Kitambaa kinagoma. Bega linauma.
Mbili: nyuki nusu, mkebe nusu. Inang'aa, kisha inakumbuka umaskini wake.
Tatu: mshumaa mwingi. Ukungu, kama kioo kilichopumuliwa.
Nne sitaki kuieleza.
Tano ilikuwa nzuri mpaka jua la saa sita,
ikalainika, ikalidaka vumbi lote la avenyu
likawa ngozi ya pili.

"Watu wananunua iliyo tayari," akasema Kabwit, jirani,
amening'iniza mikono juu ya ukuta kama nguo za kuanikwa.
Ni kweli. Watu wananunua na mkate,
lakini hujaona mtu akilala macho wazi
akiwaza unga? Nilitaka kujua tu.
Kijiko kimoja zaidi, kijiko kimoja pungufu:
mahali fulani kati ya hivyo viwili
maji yangesahau namna ya kushika bati.

Ya tisa niliichanganya umeme ukikatika.
Kijiko mkononi, simu haina chaji,
Numbi anaita, paka kaangusha kitu,
nikamimina kwa kukisia, kwa kusikiliza,
nikapaka gizani kwa kiganja, nikaenda kulala.
Daftarini, mbele ya tisa, pana doa la mafuta. Basi.

Kesho yake Ngoie akasonga bukari katika sufuria kubwa,
ile niliyoapa kwamba haikuingia kitu ila maji.
Tulitafuna kimya. Numbi akasema,
"Bukari hii inateleza yenyewe."
Ngoie hakucheka. Aliniangalia jinsi polisi wa barabarani
anavyoangalia gari lisilo na taa.

Mvua ya kwanza ilikuja mwisho wa Oktoba, bila salamu.
Mabati yakapiga kelele, watoto wakakimbia ndani,
mimi nikakimbia nje.
Miraba kumi na mmoja ikalowa kama shati.
Ule wa tisa,
maji yaliupanda yakajikunja, shanga baada ya shanga,
yakatetemeka, kila tone na anga lake dogo,
kisha yakashuka kwa pamoja
wala hayakuacha nyayo.

Nimejaribu mara ishirini na mbili tangu siku hiyo.
Nimezima taa makusudi. Nimemwomba Numbi aite.
Paka nimemhonga dagaa: haangushi kitu.

Jana Ngoie, akichambua sombe, alisema bila kuinua kichwa:
"Sufuria yako ndogo, usiku ule, mimi ndiye niliyeiosha.
Au sikuiosha. Ilikuwa ya mawese."
Nikauliza: uliiosha au hukuiosha?
Akaendelea kuchambua.

Nimenunua mawese.