Siki

Mwaka ule, kwenye nyanda za Saskachewani,
baridi ilikuwa na tabia ya baba:
haikubisha hodi.

Gari lisilochomekwa umeme usiku
asubuhi halikuwaka.
Kila nyumba ilitoa waya mweusi ukutani,
ukatambaa juu ya theluji hadi mdomoni mwa gari,
injini ilale na joto kidogo, kama mtoto.
Mwenye waya alikuwa baba.
Na kila jioni baba alisoma kilomita za gari,
akaziandika kwa penseli
nyuma ya kalenda ya chama cha wakulima.

Basi mama akajifunza kwenda mbali bila kwenda.

Vyeti vyetu vya kuzaliwa, kadi za chanjo,
karatasi ya daktari kuhusu mkono wake:
ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya friza,
chini ya maini, maana baba hali maini.
Ufunguo wa akiba aliushonea kwenye pindo la koti langu.
"Ukiinama utausikia," alisema.
"Usiiname mbele yake."

Kila alipomaliza kunong'ona kwa simu
na wale wanawake wa nyumba ya hifadhi,
alipiga namba ya utabiri wa hali ya hewa,
ili kidole cha baba kikibonyeza kurudia
kikutane na sauti ya mashine:
upepo wa kaskazini,
nyuzi thelathini chini ya sifuri.

Sisi alitufundisha kama mchezo.
Danylo, miaka mitano, aliamini ni mchezo.
Mimi, miaka tisa, nilijifanya.
Sauti zikipanda, hatuendi jikoni, jikoni mna visu.
Hatuendi bafuni, bafuni mna mlango mmoja.
Ngazi za nyuma. Viatu miguuni.
Na mama haturudi kumwokoa.

Hiyo nilikataa kuikariri.
Alinishika kidevu, akairudia nami
mpaka ikakaa kichwani
kama jedwali la saba.

Neno letu lilikuwa siki.
Mama akisema, "Lesia, siki imetuishia,"
nichukue mkono wa Danylo, twende kwa Bi Thorvaldson,
naye hatauliza kiasi gani.
Tulifanya mazoezi kwa kigari cha kuteleza,
hatua mia mbili na kumi na mbili
hadi taa ya kibaraza chake.

Neno halikutumika.
Nilidhani tutaondoka usiku, kwa kishindo.
Tuliondoka Jumanne, saa nne asubuhi,
lori la kazini likiwa limeshamchukua baba kwenye maghala ya ngano.

Usiku wa kuamkia siku hiyo
alitoka na koti juu ya nguo za kulalia,
akachomeka waya kwa mkono wake mwenyewe.
Alilipenda lile gari.
Nilimwona dirishani akiipiga boneti
kofi dogo, la upole,
ambalo ndani ya nyumba ile
hakuna aliyewahi kulipata.

Injini iliwaka mara ya kwanza.

Mfuko kutoka chini ya maini ulifuka moshi wa baridi
mapajani pangu.
Bi Thorvaldson alisimama nyuma ya pazia, hakupunga;
kupunga ni kuaga, na kuaga huonekana.
Sungura wa pamba wa Danylo alibaki kitandani,
amefunikwa hadi masikioni,
mama alisema kitanda kitupu husema.
Danylo hakumlilia baba, wala nyumba.
Alimlilia sungura, kilomita arobaini,
namba zikigeuka kwenye dashibodi,
na hakuna aliyeziandika.

Leo nina miaka arobaini.
Mume wangu ni mtu mpole, mwenye mzaha.
Hufungua kabati, huhesabu chupa,
huuliza tunafungua kiwanda.
"Ni ya matango," humwambia.

Sijawahi kuiacha iishe.