Ukurasa wa Kumi na Mbili

Hadithi yangu ya kwanza ilikuwa na maneno elfu mbili
na kuku mmoja aliyeongea kama mkuu wa wilaya.
Bi Dorkasi aliisoma amesimama, kalamu nyekundu sikioni,
darasa la pili, Bahi, Jumamosi mchana,
sisi watu wazima tumejikunja kwenye madawati ya watoto,
magoti yakigonga mbao.
Alipofika mwisho, pale nilipoandika
"Hivyo basi watoto, tuwatii wakubwa zetu,"
akapiga mstari.
"Mtoto ana mwalimu, ana mama, ana mchungaji, ana fimbo.
Kitabu kimwachie kitu chake."

Nilinuna wiki nzima.

Nikarudi na maneno mia tatu.
Nyemo ana kata moja na mbwa mmoja.
Korongo limekauka.
Anafukua mchanga kwa mikono,
kiwiko kinazama, bega linazama,
mpaka ncha ya kidole inaguswa na ubaridi.
Basi. Kuku hayupo.
"Soma kwa sauti," akasema. "Ulimi ukijikwaa, kata."
Nilijikwaa mara tisa.

Michoro ilimwangukia Hezroni,
fundi wa mabango: bucha, saluni, Leo Hatukopeshi.
Ng'ombe wake wa bucha wote wanatabasamu,
sijui wameambiwa nini.
Akachora kwao Nyemo: paa la mgongo, dirisha la vioo vinne,
dohani juu, moshi unajikunja kama mkia wa nguruwe.
Tukamwonyesha Perisi, binti wa mpishi wa shule,
miaka saba, meno mawili likizoni.
Akatazama mpaka uji wake ukapoa.
"Hapa ni kwa nani?"
Kwa akina Nyemo.
"Sasa mtama wataanika wapi?"

Hezroni hakujibu.
Amezaliwa kwenye tembe huyu,
utoto wake kalala juu ya paa bapa, joto la Oktoba,
akibishana na kaka zake nyota ipi ya nani.
Dohani hajawahi kuiona hata ya kuazima.
Mkono tu ulikuwa umekariri nyumba za vitabu.
Akafuta. Karatasi ikatoboka.
Akatoka nje, akarudi na udongo kwenye kofia,
akauponda, akauchanganya na gundi,
na ukuta wa kwao Nyemo ukapakwa kwa ukuta wenyewe.

Mchapaji wa mjini Dodoma alihesabu kurasa
kama mjomba anayehesabu mbuzi wa mahari.
"Ishirini na mbili hazikunjiki, mama.
Zigawanyike kwa nne. Ongeza mbili au toa mbili."
Nikaongeza mbili za mchanga mtupu, bila neno,
na sasa ndizo nizipendazo kuliko zote nilizoandika.
Magunia matatu ya alizeti yalikwenda hapo,
na zamu yangu ya kikoba,
na ya dada yangu, ambaye bado hajui yote.

Nakala mia tatu zilishuka zimefungwa kamba ya katani.
Nilifungua boksi la kwanza nikanusa wino.
La pili, nikaona:
katikati ya kitabu, kumi na mbili na mwenzake kumi na tatu,
pale pale penye kisima,
Nyemo yuko miguu juu, kichwa chini.
Vitabu arobaini hivyo.
Nikakaa juu ya boksi
kama aliyeunguza pilau la watu.

Perisi alichukua kimoja bila kuomba.
Alisoma kwa kidole, polepole, mdomo ukitembea.
Alipofika hapo, nikasubiri akigeuze.
Hakukigeuza.
Alilala chali sakafuni, kwenye vumbi, sare na yote,
akakiinua juu ya uso wake kwa mikono miwili,
akanyamaza sana.

"Sasa mimi ndiye maji," akasema.
"Namwona anakuja."

Mchapaji alipopiga simu kuomba radhi
nilimwambia asubiri kidogo,
kuna mtu bado anasoma.