Shikamoo ya Kushoto

Jumanne, saa kumi jioni, Nyevu
alinipa shikamoo kwa mkono wa kushoto.

Mtoto wa Muyeye, mjukuu wa Bi Mbodze,
nyumba ambayo hata kata ya maji
humpi mtu kwa mkono huo!
Karipio lilishafika menoni.
Kisha nikaliona sweta.
Sweta, Malindi, mwezi wa pili,
na mkono wa kulia umezama ndani yake
hadi kwenye kucha.

"Lete."
"Hakuna kitu, mwalimu."

Hicho hakuna-kitu nakijua.
Nilikisema nikiwa na miaka kumi na sita
nyuma ya jukwaa la hoteli,
goti limeumuka kama andazi,
na mwenye kikundi akinisugua mafuta ya karafuu:
"Likipoa litauma. Basi lisipoe."
Nikapanda piramidi, ghorofa ya tatu,
watalii wakapiga makofi.
Usiku likapoa.
Hadi leo nikipanda ngazi
huzihesabu lenyewe, kwa sauti.

Kifundo cha Nyevu kilikuwa na joto la chapati.
Nikabonyeza: hapa? Kimya.
Hapa? Kope zikajibu.
Tangu Ijumaa, akasema,
akitazama vidole vya miguu yake.
Siku nne anasimamia mikono
juu ya mfupa unaolia,
na mimi, mwenye filimbi, sikusikia.

Mimi niliyejisifu kwa magodoro haya,
usumba uliochambuliwa, gunia mbili mbili,
nikayashona mwenyewe katika ghala hili
ambalo bado linanuka korosho.
Mimi ninayewavua bangili na pini za ushungi,
ninayewazungusha nyonga na shingo
mpaka Chengo ananung'unika
eti tunacheza ngoma ya bibi zake.
Kwangu mtu haendi hewani
kabla hajajua kuja chini:
kidevu kifuani, mgongo duara,
ubingirike kama dafu lililokosa mwenyewe.
Mwezi mzima tunajifunza kuanguka tu.
Majirani huchungulia dirishani, wanacheka,
"Wanalipa ada ya kuanguka!"
Yote hayo, na neno moja fupi
sikuwahi kuwafundisha kulitamka:
inauma.

Mashindano yalikuwa Jumamosi, Kilifi.
Vazi lilikuwa tayari kwa fundi, la samawati,
puleki shingoni, mama yake akilipa kidogo kidogo.
Nilijua. Ndiyo maana nilichelewa kusema
kwa muda wa pumzi mbili, labda tatu.
Hizo pumzi nazitubu.

Tulinunua barafu za ukwaju, nne,
tukazifunga kwa leso juu ya kifundo.
Zilipoyeyuka, Nyevu alilamba kiwiko,
na hapo ndipo alipocheka.
Hospitali wakapiga picha.
Tabibu akaielekeza kwenye mwanga:
mfupa wa mtoto, mwishoni pale,
ni mlango ambao haujafungwa,
ukuaji bado unaingia na kutoka.
"Mkiusukuma sana utafungika vibaya."
Wiki sita.
Akalia. Si kwa maumivu.

Mama yake hakunisemesha siku tisa.
Siku ya kumi akaleta bakuli la mahamri,
akaliweka juu ya godoro, akaondoka.

Sasa, kabla ya filimbi, tunakaa duara.
Kila mmoja anataja panapouma.
Wiki ya kwanza wote walikuwa wazima,
wazima kama mitungi mipya.
Wiki ya pili Chengo akainua kisigino,
akitazama mlangoni asije kuonekana.
Hakuna aliyecheka. Nyevu,
mkono kwenye bandeji, ndiye mwenye daftari:
kisigino, Chengo, leo asiruke.
Ameandika kwa kushoto, herufi zimelala
kama nyasi baada ya mvua.

Na Jumanne moja, saa kumi,
aliingia bila sweta.
"Shikamoo, mwalimu."
Mkono wa kulia.
Niliupokea taratibu,
nikapitisha kidole gumba juu ya kifundo,
nikapima joto,
nikangoja kope,
ndipo nikaitika marahaba.