Runinga Mbili, Keko Machungwa

Nina runinga mbili na feni moja.
Feni inageuza shingo kama jirani mmbea,
inasikiliza huku, inasikiliza kule,
na chumba chote kinanuka vumbi la mninga
maana mafundi makochi huingia na nguo za kazi.

Ya kushoto ni vita vya jero.
Huko unakufa na kufufuka
kabla pipi haijaisha utamu mdomoni.
Mshamu, kijana wa kupiga msasa,
anaruka toka ghorofani, anateleza kwa tumbo,
anafyatua akiwa hewani, anageuka, anafyatua tena,
na kioo kinamtemea namba za njano
kama mashine ya wakala iliyoingiwa na wazimu.
Leo ameuawa mara thelathini na moja.
Hajapoteza kitu ila sauti.
“Nimerudi!” anapiga ukelele,
na kweli karudi,
nguo safi, risasi tele,
kinyongo kilekile.

Ya kulia ni vita vya buku.
Hakuna namba. Hakuna ramani pembeni.
Unatembea dakika kumi na tano katika shamba la mtu,
unasikia pumzi zako mwenyewe kwenye spika,
unahesabu risasi kichwani kama chenji ya mwisho wa mwezi,
unanong'ona: nani yuko kulia kwangu?
Hakuna anayejibu.
Halafu kioo cheusi.
Hakuna damu, hakuna muziki, cheusi tu,
na Pazi amebaki na pedi mkononi
kama mtu aliyekatiwa simu katikati ya neno.

Kila siku ugomvi ni uleule.
“Huo si mchezo,” Mshamu anasema,
“huo ni msiba wenye kiingilio.”
“Na wako si vita,” Pazi anajibu,
“ni mdundiko wenye bunduki.”
Mimi nawauzia wote maji ya kandoro.

Zamani nilikuwa upande wa Pazi.
Nilidhani kinachouma ndicho cha kweli.

Kisha akaja Ndunguru, mlinzi wa ghala la mbao,
saa kumi na moja jioni, kirungu kwapani,
sikio la kushoto halisikii
na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.
Pazi akamvutia kiti. “Afande, tazama. Ndivyo kulivyo?”
Akatazama. Akatazama mpaka feni ikamzungukia mara tano.
“Majani wameyaweza,” akasema.
Pazi akachanua meno.
“Ila kukaa wamekuweka wapi?
Siku nne za kukaa. Kusugua sufuria kwa mchanga.
Kugombea betri za redio.
Mtu kukusomea barua ya mkewe, ileile, mara ya sita.”
Pazi akabonyeza vitufe vyote. Hakuna kilichotoka.

Ndunguru akanipa jero, akahamia kushoto.
Vidole vyake vizito, havijui kurudi nyuma.
Mshamu akamuua. Akamuua tena.
Mzee akacheka, cheko la mtu aliyetekenywa msikitini.
Lakini kila kikosi kilipofufuka,
wanne wamesimama kwenye mstari, buti zinang'aa,
aliinamia kioo na kuuliza:
“Tupo wote?”
“Tupo wote,” Mshamu alijibu, macho mbele,
anatafuna muwa,
hajui alichojibu.

Saa kumi na mbili kasoro LUKU ikaisha.
Jero na buku zikawa na weusi mmoja.
Vijana wakapiga mluzi, wakanitukania mita.
Nikawasha tochi ya simu, nikatafuta ujumbe wenye tarakimu ishirini,
na gizani nyuma yangu, taratibu,
mtu akauliza tena.

Hapo hata mafundi waliitikia.
Hata Pazi.
Mimi nilikosea tarakimu ya saba,
nikafuta,
nikaanza upya.