Kushoto kwa Alama ya Sawasawa

Ghorofani, juu ya duka la nyaya na taa,
mtaa wa Langoni, feni ikizungusha joto lile lile,
nimefungua faili dogo kuliko yote.
Mistari minne:
Jina. Maelezo. Mtunzi. Toleo.

Ndani ya vijenzi tulishamaliza zamani.
Vitufe vinasema Hifadhi, Rudi, Ongeza mgonjwa,
maswali yanauliza kwa adabu.
Lakini nje, kwenye orodha,
pale mtu anapochagua kipi akiwashe, kipi akizime,
kila kijenzi kimekaa na jina la ugenini
kama furushi lililoshushwa gatini, mwenyewe hajulikani.

"Orodha husomwa na nani?" aliuliza Lali Bunu,
anayeandika msimbo kwa vidole viwili, mbata mdomoni.
"Hiyo ni lebo tu."

Lebo tu.
Jumatatu Mwanaesha Kupi, muuguzi wa zahanati ya Siyu,
aliona neno refu asilolijua,
akadhani ni tangazo, akalizima.
Lilikuwa daftari la chanjo.
Siku tatu watoto wa Siyu hawakuwa na jana.
Hakudhurika mtu. Kadi za karatasi zilikuwepo,
zimekunjwa kwenye pindo za leso, zinanuka udi.
Ila nilimsikia kwenye simu, pumzi juu juu:
"Kitu hakina ina, nitakiyuaye?"

Kwetu jikoni, kopo la maziwa lina bizari,
la biskuti lina nyuzi na vifungo,
la majani ya chai lina pesa za mchezo.
Mama hakosei hata gizani.
Alipolazwa Mombasa wiki mbili
dada alitia magadi penye chumvi.
Baba akala, akashukuru, akaomba maji.

Basi naandika. Kanuni ni moja:
kushoto kwa alama ya sawasawa, usiguse.
Hayo ni majina ambayo vipande huitana vyenyewe kwa vyenyewe;
havijui Siyu, havijui lugha ya mtu,
na ukivibadilishia vinanyamaza vyote.
(Mwaka wa kwanza nilitafsiri mpaka kushoto.
Skrini ikawa nyeupe kama sanda,
Lali akacheka hata akakaa sakafuni.)
Kulia ndiko kwenye watu.

Kulia nimeandika: Chanjo za watoto.
Kulia nimeandika: Ghala ya dawa.
Kulia nimeandika: Macho,
nikasita.

Mwanaesha hasemi macho. Husema mato.
Mama husema mato.
Na mimi, yakiniwasha usiku, ni mato yanayoniwasha;
macho nilipewa shuleni, pamoja na sare.

Nimefungua faili la pili, la Lamu,
neno moja tu ndani yake.
Mashine itatafuta humo kwanza;
ikikosa, itaenda kwa Kiswahili cha kitabuni;
ikikosa na huko, itarudi kwa wageni,
bila kinyongo.
Lali anasema faili zima kwa neno moja ni israfu.
Huenda.

Mstari wa mtunzi sikuugusa.
Una jina la mtu, herufi zake zina vitone juu,
mtu aliyekesha mahali penye baridi
akifikiria namna ya kuhesabu chupa za dawa,
asijue kuna Siyu.
Jina la mtu halitafsiriwi.
Kwenye toleo nimeongeza nukta, na moja.

Saa kumi na moja nampigia Mwanaesha: fungua orodha.
Anasoma kwa sauti, jina baada ya jina,
kama mwalimu anayeita mahudhurio.
Akifika la tano ananyamaza.
Namsikia mtoto upande wa pili akiikataa sindano,
kiti kikiburutwa.

"Hini," asema,
"mumeiandika makosa,
au mumeandika kikwetu?"